Kofia Zilizopimwa kwa Hasira

Mama mkwe wangu hajawahi kuniambia kwamba ananipenda, wala kwamba hanipendi. Mdomo wake ni mgumu. Vidole vyake ndivyo visivyojua kuficha siri. Alipokuwa mpiga chapa ofisini, wenzake walikuwa wakiichukua barua aliyoichapa na kuiinua dirishani. Wakiona kila herufi ya o imetobolewa na mashine mpaka mwanga unapenya, walijua bosi amemuudhi, na wote walitembea kwa adabu hadi saa ya kutoka.

Alipostaafu, vidole vikakosa kazi. Akanunua sindano za kufumia na mabunda ya uzi wa sufu, akaanza kufuma kofia za watoto wanaozaliwa hospitalini, za kugawa bure. Si kofia za rangi moja. Hizo alisema ni za wavivu. Zake zilizungukwa na msururu wa ndege wekundu juu ya nyeupe. Kazi hiyo inataka nyuzi mbili kwa pamoja: mmoja unafuma mbele, mwingine unapita nyuma ukingoja zamu yake. Ukiuvuta mno ule wa nyuma, kofia nzima inajikunyata. Ukiulegeza, inatanuka. Na mkono wa Mama haukuwahi kukaa siku mbili katika hali moja.

Siku moja muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, ambaye sote tunamwita Sista, alikuja nyumbani na mfuko uliojaa kofia.

"Mama, Mungu akubariki," akaanza, na tukajua kuna neno. "Ila hii inamtosha daktari. Na hii hapa, sijui, labda chungwa."

Baba mkwe ni kinyozi, ameshika vichwa maisha yake yote. Akazichukua moja moja, akaivalisha ngumi yake, akatoa hukumu.

"Hiki kichwa ni cha askari mnene. Hiki bado hakijazaliwa, na kikizaliwa tukimbie."

Mama akanuna, akaenda kufuma chumbani. Kofia aliyotoka nayo ilitosha yai.

Hapo ndipo nilipong'amua. Akifurahi, ndege wananenepa na kofia inakuwa ndoo. Akikasirika, ndege wanabanana midomo na kofia inakuwa ya yai. Nilipomweleza Baba, alicheka hadi akakalia miwani yake mwenyewe. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nimekumbuka kofia aliyoifuma siku ile mume wangu aliponileta nyumbani kunitambulisha. Ipo mpaka leo jikoni. Tunafunikia kikopo cha chumvi.

Ikawa Sista hasa alihitaji kofia ndogo, za njiti, wale watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Basi sisi wa nyumbani tukala njama. Baba alifungulia redio mpaka vikombe vikatetemeka, akaacha nywele za wateja kwenye beseni la kunawia, akamsifu mke wa jirani ambaye naye hufuma. Mume wangu aliingia sebuleni na viatu vyenye matope. Nikauliza kazi yangu ni ipi.

"Wewe kaa tu karibu naye," Baba akasema. "Inatosha."

Na kweli ilitosha. Nilikaa kwa heshima zote, nikamenya vitunguu, nikaitikia "ndiyo, Mama" kila ilipofaa, na kofia ikazidi kupungua. Kabati la wodi likajaa. Sista akanipigia simu kunishukuru kwa mchango wangu, nami nikaitikia huku roho inaniuma. Nilikuwa nataka mwanamke huyu anipende, na ushahidi wa kwamba hanipendi ulikuwa unagawiwa bure hospitalini.

Kisha mwanangu, niliyekuwa nimembeba tumboni muda wote huo, naye akaamua kutosubiri tarehe yake. Akaja mapema, mdogo, mwekundu, mwenye sauti kubwa. Daktari alisema anapumua vizuri, anachotaka ni joto na muda. Sista akaja na kofia kutoka kabatini.

"Mjukuu wangu havai kofia ya kabatini," Mama akasema. "Namfumia ya kwake."

Akavuta kiti mpaka magoti yake yakagusa kitanda changu, akatoa sindano, akaanza kufuma huku akinisema. Nimelala vibaya. Chai nimeiacha imepoa. "Na mtoto umembana mno, mpe hewa. Sasa mbona umemwacha wazi? Mfunike!"

Baba, aliyesimama miguuni pa kitanda, alikitazama kile kichwa kidogo, akakumbuka zile ndoo, akaingiwa na wasiwasi. Akanikonyeza.

"Mke wangu," akasema, "yule jirani yetu siku hizi anafuma ndege wenye macho."

Mama hakuinua uso. Baba akaongeza kwamba amevunja birika lake la maua.

"Tutanunua jingine."

Ikabidi nijitose mimi. "Mama, nafikiria tumpe mtoto jina la mama yangu mzazi."

Hata mzazi wa kitanda cha pili alishusha kikombe chake. Sindano hazikusimama.

"Mpeni," Mama akasema. "Ni jina zuri. Lala."

Sikulala. Nilibaki chali nikiitazama kofia. Nilikuwa karibu naye kuliko siku zote, na ndege walikuwa wananenepa. Kila mzunguko uliokwisha, walizidi kunenepa.

Sista alipokuja kumvalisha mtoto, mtoto akatoweka.

"Mama, yuko wapi humu?"

Baba akaingiza ngumi moja, akaingiza na ya pili. "Hapa mimi nanyoa wateja wawili kwa mpigo."

"Uzi huu mbovu," Mama akasema, bila kumtazama mtu yeyote. "Nipeni niifumue."

"Thubutu, Mama!"

Ni mimi niliyesema hivyo, tena kwa sauti. Nilikuwa sijawahi kumjibu hata nusu ya neno. Nilikuwa nalia pia, na nilikuwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi.

Sista, ambaye hana muda wa mambo ya familia za watu, alimchukua mtoto akamtumbukiza ndani ya kofia, miguu kwanza, mpaka makwapani. Akaenea sawasawa. Kichwani akamvalisha moja ya zile ndogo za kabatini, kisha akamlaza kifuani pangu. Ndivyo binti yangu alivyoanza maisha: kichwani kofia iliyotokana na mimi kumuudhi bibi yake, na mwili wote uliobaki ndani ya hii nyingine.

"Mke wa mwanangu, sasa unalia nini?" Mama akauliza. "Unamlowesha mtoto."

Akachukua bunda jipya, akaanza nyingine. Ya kubadilishia, alisema. Hata kabla hajafika kwenye ndege, niliona kwamba ni ndoo.