Kivumbasi cha Leonida

Leonida wa Ganako alikuwa amechoshwa na uozo. Tangu aolewe na Tluway, kila mwaka nusu ya viazi mviringo vyake viliharibika chumbani, naye akavibeba kwa ndoo kwenda kuvimwaga shimoni. Njaa ya mwaka 1984 ilipopita, akasema basi, yatosha.

Zamani alipika nyumbani kwa meneja wa shamba la kahawa huko Oldeani, na mke wa meneja alikuwa na desturi ya kutoa mafuta kwenye majani kwa mvuke, akisema yanazuia uozo. Leonida akaiga. Alijaza majani ya kivumbasi, ule mmea wa harufu kali, na maji kwenye sufuria kubwa, akaweka bakuli juu ya jiwe katikati, akapindua mfuniko na kuutia maji baridi. Mvuke ukageuka matone, yakadondoka bakulini, na juu ya maji yakaelea mafuta, kijiko kimoja kwa mzigo mzima wa majani. Alikata kivumbasi siku tisa. Kiuno kilimuuma, kuni zikaisha, na Tluway akanung'unika kuwa nyumba inanuka dawa ya kifua.

Alilowesha vitambaa kwa mafuta hayo, akavipanga maboksini kati ya viazi, akafunika. Vya kula na vya mbegu, vyote pamoja. Jirani yake Katarina alimshauri atenge mbegu, aziache penye mwanga kama walivyofanya mama zao. Leonida akamjibu kwamba viazi vya mama zao navyo vilioza. Usimcheke, aliyemwaga jasho lake shimoni miaka kumi na minane haachi kiazi hata kimoja nje.

Hakikuoza hata kimoja. Alifungua maboksi kila Jumapili baada ya misa, akavipapasa, akafurahi peke yake.

Mvua za Machi zikaja, akatoa mbegu. Zilikuwa ngumu, safi, na hazikuwa na chipukizi hata moja. Akazianika wiki mbili, wapi. Akazipanda hivyo hivyo, na alipofukua baada ya siku ishirini alizikuta kama alivyozifukia. Mvua haimsubiri mtu, na bila mbegu mwaka ungepita bure.

Akaenda kwa Katarina, miguu mizito. Katarina naye alikuwa amepoteza nusu ya viazi vyake, lakini vilivyosalia vilikuwa na machipukizi marefu kama vidole.

"Nimevilinda mpaka nimevizuia kuzaa, mama Wilibrodi," alisema Leonida.

Katarina hakucheka. Hakuwa na nguvu za kucheka.

"Chukua debe la mbegu," alisema. "Na wewe unipe vya kula. Wangu wanashindia uji."

Siku ileile Leonida alipanda mbegu za mwenzake, akikata kwa kisu sehemu zilizoanza kuoza. Kwenye tuta la nne alikaa chini akalia, kwa aibu na kwa uchovu wa mwaka mzima. Kisha akafukia kiazi kilichokuwa mkononi, akachukua kingine.