Feni Iliyozunguka Kinyume

Juzi nilikuwa kwenye gereji moja ya Majengo. Mama mmoja wa Machame alikuwa amefungiwa feni mpya ya rejeta ya gari lake, inazunguka vizuri, naye yuko tayari kupanda mlima kurudi kwake. Fundi akamsimamisha, akaweka karatasi mbele ya rejeta. Ikapeperuka.

"Mama, zima gari. Nimekosea kuunganisha nyaya."

"Si inazunguka, mwanangu?"

"Inazunguka kinyume. Inasukuma upepo nje badala ya kuuvuta ndani. Injini ingechemka mlimani."

Akageuza nyaya, karatasi ikanata kwenye rejeta. Mama akashukuru, akaondoka. Nikamuuliza fundi kwa nini amekiri kosa lake mbele ya wateja wote.

"Ningenyamaza mimi, injini ingesema."

Nami niliyekuja kuulizia bei tu, nikamkabidhi ufunguo wa gari langu.