Macho ya Mpiga Chapa

"Mama, kabla bosi hajakinunua kioo kipya, nitaifungua kompyuta yako kwa mikono yangu nione kama kadi yake ya picha itakimudu." Hiyo ndiyo ahadi niliyompa mpiga chapa wa ofisi yetu pale Mirongo, mama wa Kihaya aliyekuwa na umri wa kunizaa.

Ilikuwa miaka ile ununuzi wa pamba ulipofunguliwa kwa watu binafsi, nasi tulimfanyia kazi mnunuzi mmoja. Majedwali ya pamba yalikuwa mapana kuliko kioo cha zamani, na kutwa nzima mama aliyasukuma kushoto na kulia ili ayasome. Kioo kipya kingeonyesha jedwali zima, mradi kadi iweze kuchora nukta nyingi kiasi hicho. Mimi ndiye niliyetoka chuoni. Neno langu lilitosha.

Sikuifungua. Jioni niliyoitenga kwa kazi hiyo nilikwenda kuzungumza kwenye mdahalo wa vijana juu ya uwajibikaji, nikapigiwa makofi. Asubuhi bosi aliponiuliza nilijibu, "Nimekagua. Inafaa."

Kioo kilipofika, jedwali lilienea lote, lakini mistari yake ilitetemeka bila kukoma. Wenzetu walikitupia jicho, wakasifu ukubwa wake, wakaenda zao. Mama alikaa mbele yake kutwa. Alipotoka kwenda kula, ndipo nilipochukua bisibisi, nikaitazama kadi na kukisoma kijitabu chake. Kwa nukta nyingi vile, ilichora nusu ya mistari, kisha nusu nyingine, kwa zamu, ndiyo maana picha ilitetemeka. Haikukimudu kioo.

"Mwanangu, hivi wewe huoni kama inatikisika?" aliniuliza aliporudi.

"Mimi naiona sawa, mama."

"Punguza kutafuna kahawa ya kwenu, mama," dereva wetu alidakia kutoka mlangoni. "Ndiyo inayokutetemesha macho!"

Tulicheka wote. Naye alicheka, huku akipangusa machozi kwa ncha ya kanga. "Basi ni uzee," akasema. "Umebisha hodi mapema."

Wiki chache baadaye alichapa barua ya kuacha kazi kwenye kioo kilekile, akaniomba niikague, kwa kuwa hakuyaamini tena macho yake. Safari hii nilikagua kweli, neno kwa neno. Haikuwa na kosa hata moja. Nikamwambia hivyo, na lile jingine sikumwambia.

Nilipopata ujasiri, alikuwa amekwisha kurudi kwao Kagera, na hapo ofisini hakuna aliyekijua kijiji chake. Msomaji, ukimfahamu mama aliyewahi kupiga chapa Mirongo, akaacha kazi kwa sababu ya macho, tafadhali mwambie kwamba macho yake yalikuwa mazima. Kilichotetemeka ni kioo, na mimi nilijua.