Kikao cha Omena, Kisegi

Kwetu Kehancha ng'ombe huwekwa alama, na akiibwa, mwenyewe humtambua hata ndani ya zizi la mtu mwingine. Omena, hawa dagaa wa ziwani, hawana alama. Nilipohamia Kisegi kufanya biashara ya samaki niliuliza mtu anajuaje walio wake, wenyeji wakanicheka mpaka wakachoka. Walisema unajua wavu wako, basi.

Tunaanika ufuoni juu ya nyavu zilizotandazwa, kila mwanamke na wavu wake. Mvua ikianza, hakuna kuuliza wavu ni wa nani. Unakimbilia ulio karibu, unazoa, na ikipita kila mtu anarudishiwa mali yake. Omena wakilowa wamekuwa chakula cha kuku. Ni desturi nzuri. Hata mimi, ambaye husifu kitu kwa shida, niliisifu.

Ndipo msichana mmoja wa miaka kumi na tano alipozoa omena wa mama mmoja mzee wakati wa mvua, na badala ya kuwarudisha akawauza pale senta, penye maduka. Mamake alikuwa ameenda huko kwetu Kehancha kuchuma tumbaku, naye msichana akabaki akilala leo kwa jirani huyu, kesho kwa yule. Mama mzee ana goti lisilomruhusu kukimbia na ulimi usiojua kuchoka. Kabla jua halijatua alikuwa amefika kwa chifu, na chifu akamwita afisa wa watoto, aliyefika wiki iliyofuata.

Afisa alikuwa mwanamke kijana mwenye viatu vyeupe, ambavyo ufuo wetu ulivishughulikia mara moja kwa matope. Alitueleza kwamba si lazima mtoto apelekwe kortini, awekwe rumande huko mbali na kukosa shule. Jamii ikikaa kikao, mlalamishi akikubali, na mtoto akipata mtu mzima wa kuishi naye na kumwangalia, mambo yangeishia hapo hapo Kisegi. Ila alitaka jibu siku hiyo, kwa sababu kesho yake ilikuwa ya korti.

Tuliketi kwenye banda la samaki. Ukitaka kuona wema wa watu, waite kikaoni. Kila aliyesimama alisema mtoto ni wetu sote, na mkono mmoja haulei mwana. Mmoja alilia kidogo. Afisa akashukuru sana, kisha akauliza ni nani kati yetu atakayekaa naye. Mikono yote ikajificha ndani ya leso, tukaanza kuangalia ziwa. Mimi nilikumbuka kwamba chumba changu ni kidogo. Kweli ni kidogo, lakini udogo wake haujawahi kunijia akilini kwa haraka namna ile.

Mama mzee alipoulizwa, alisema maneno yake aliyamalizia kwa chifu. Msichana alikuwa ameketi chini, akichuna ngozi ya kidole. Nilimwonea huruma, na nilikuwa nimemkasirikia vilevile, maana tangu afanye yale, kila mtu alizoa wavu wake tu na kumwacha jirani apambane na mvua yake.

Afisa alikuwa bado anatutazama mmoja mmoja wakati matone mazito yalipogonga mabati. Tulitoka mbio, sisi wa mtoto ni wetu sote, kila mmoja akielekea kwenye wavu wake. Niliporudi nimelikumbatia karai langu, nilimkuta mama mzee amesimama kwenye mlango wa banda, anatazama ufuoni. Kule kwenye wavu wake kulikuwa na mtu mmoja amepiga magoti, anazoa kwa mikono miwili. Kati yetu sote ni msichana yule tu ambaye hakuwa na wavu wa kukimbilia.

Alikuja na karai kichwani, maji yakimtiririka usoni. Niliogopa angepita nalo moja kwa moja hadi senta, na niliona aibu kwa kuogopa hivyo. Akalitua miguuni pa mama mzee.

"Ni zako, dani," alisema, kama wajukuu wa huku wanavyomwita nyanya yao.

Mama mzee aliinama kwa shida, akatia mkono, akachambua, akanusa. Hata wali wa harusini huwa anauchambua vivyo hivyo.

"Umeacha zingine pale kando," alimwambia. "Rudi ulete. Na usitembee kama mgeni."

Msichana akatoka mbio mvuani. Afisa, ambaye alikuwa hajatuzoea, aliuliza kwa upole kama mama bado anataka mtoto apelekwe kortini.

"Aende korti kufanya nini, madam?" mama mzee akasema. "Goti yangu ni mbaya na hii mvua haijaisha. Andika huyo analala kwangu."