Koleta wa Kiwanja cha Ngoma

Wengi husimulia habari za mji wa Same, na wengi wao waliuona kwa dirisha la basi. Mimi niliishi pale, tena katikati. Shule niliishia darasa la nne, lakini habari za Koleta anayestahili kuziandika ni mtu aliyekunywa pombe yake, na aliyeinywa kunizidi hajazaliwa.

Koleta alizaliwa Bombo, juu mlimani, nyumba ya Wakatoliki wa kusali asubuhi na jioni. Akampenda Chande, mkata mkonge kutoka kusini, Mwislamu. Kaka yake, Gregori, akamwambia mlangoni, "Ukishuka naye, umeshuka." Akashuka. Tangu siku hiyo Gregori hakulitaja jina lake wala la mumewe.

Bei ya mkonge ilipoanguka, Chande alikuja mjini kushona viatu. Homa ikamchukua, akazikwa makaburi ya Waislamu. Koleta akabaki na kilabu chake cha dengelua, pombe yetu ya miwa, pale katikati ya mji. Lakini mji wenyewe nao ulikuwa mgonjwa. Manamba, vibarua wa mkonge, wamerudi makwao, maduka yamefungwa, mabasi yanasimama kidogo yanaondoka. Jioni ungeweza kumsikia mbuzi akitafuna karatasi.

Ndipo ikaja Operesheni ya kuhamia vijijini. Asiye na kazi mjini apande lori akalime. Linus, mwenyekiti wa tawi la chama, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na sauti ya kuhutubia hata akiomba chumvi. Akamwendea Koleta.

"Dada, kilabu kisicho na wanywaji si kazi. Lakini tunajenga kiwanja cha starehe hapa hapa mlangoni kwako. Ngoma, bao, sinema ya gari la serikali. Watu wakirudi mjini, utabaki uwauzie. Wasiporudi, lori litakupeleka Jipe ukalime."

"Na Chande?"

"Chande si marehemu?"

"Ndiye huyo. Nani atapalilia kaburi lake?"

Linus akaenda kuitisha watu.

Kazi ikawa ya msaragambo, ile kazi ya wote ambayo kila nyumba hutoa mtu. Kuisimamia, akaitwa fundi mkubwa kutoka Bombo. Nani? Gregori! Akashuka na kofia yake, akafanya kazi mbele ya mlango wa dada yake bila kumsalimu. Koleta alimpelekea maji, akanywa, akarudisha kibuyu huku akitazama milima.

Nikamchokoza, "Kaka, kibuyu hicho hakina miguu, kimeletwa na mtu."

Akaendelea kupima ardhi.

Sasa, maisha yake yote Gregori alikuwa akijenga ndiva, yale mabwawa ya udongo tunayokingia maji ya mfereji usiku ili tumwagilie asubuhi. Akachimba kiwanja kama bakuli, ili wa nyuma nao wawaone wachezaji. Akaleta udongo wa mfinyanzi, tukaushindilia kwa miguu tukiimba, mpaka ukalainika kama ngozi. Sisi watu wa mlimani tulisifu sana. Hakuna aliyekumbuka kwamba tunachokisifu ni bwawa.

Mkesha wa sikukuu ya Uhuru mvua ikanyesha. Asubuhi wachezaji walifika na njuga miguuni, wakakuta maji yametulia, hayavuji hata tone. Bata wa mtu wa stesheni ndio waliofungua sherehe. Nilicheka sana, mpaka nilipomwona Koleta amekaa mlangoni, mikono mapajani. Nikaacha.

"Basi," Linus akasema. "Lori likija, Koleta apande."

"Nitatoboa ukingo, maji yatoke, nimwage changarawe," Gregori akasema, akashika jembe.

Hakuna aliyemfuata. Desturi yetu ni hii: aliyeharibu kazi ya msaragambo haamuru tena jembe la mtu mpaka atoe pombe ya faini. Na pombe hiyo hainunuliwi, lazima ipikwe na mwanamke wa nyumba yake. Mke wa Gregori alikwisha kufa, binti hakuwa naye. Mwanamke wa nyumba yake alikuwa mmoja tu, na wote tulijua amekaa wapi.

Gregori akaliweka jembe chini. Kisha akaenda mpaka mlango wa kilabu, akavua kofia.

"Naomba unipikie pombe."

"Mteja hunywa iliyopo," Koleta akasema bila kuinuka. "Ya faini simpikii mteja."

"Mimi si mteja."

"Ni nani basi? Waambie hawa. Unaomba kwa nani?"

"Kwa dada yangu."

"Dada yako ni mke wa nani?"

Gregori akaikunja kofia mikononi.

"Mke wa Chande," akasema. "Mke wa shemeji yangu, Chande."

Koleta akainuka, akaenda kutafuta miwa.

Pombe ilipoiva, Gregori alionja wa kwanza, watu wakanywa, majembe yakamfuata. Maji yakatolewa, changarawe ikamwagwa. Siku lori lilipokuja, wachezaji wa ngoma kutoka Kihurio walikuwa uwanjani, na kilabuni watu wanakunywa wamesimama kwa kukosa benchi. Linus akachungulia, akamwambia dereva, "Twende."

Same haikugeuka Moshi, sitawadanganya. Maduka mengine hayakufunguliwa mpaka milango ikaliwa na mchwa. Lakini Jumamosi watu walikuja, na Koleta akabaki.

Jumamosi ile ya kwanza Gregori hakwenda kutazama ngoma. Alikaa ndani, karibu na mitungi.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" akauliza.

"Nani?"

"Shemeji."

Koleta akafuta mikono, akavuta kigoda.

"Alikuwa anaongea usingizini," akasema. "Kwa lugha ya kwao. Mpaka leo sijui alikuwa akisema nini."

Gregori akainamisha kichwa, akangoja aendelee.