Maiti Wetu wa Mgomba

Nilipokuwa mtoto kule Temeke, enzi za Mwingereza, nilisifika kwa jambo moja tu: kulia. Tukicheza msiba na wenzangu, mfiwa mie. Maiti wetu alikuwa kipande cha mgomba. Tulimviringishia kitambaa cheupe, tukamfukia nyuma ya choo, nami nikagaagaa mchangani mpaka wapita njia wakauliza nani kafa.

Bibi, mama yake mama, alitukuta tumekwishazika. Hakutupiga, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema huo ni uchuro, anayezika kwa mchezo huita maiti wa kweli nyumbani kwao. Wenzangu wakatimua mbio. Mie, mfiwa mkuu, nikabaki na kamasi zangu.

Wiki haikupita, mama akashindwa kuinuka kwenda kisimani. Nikiingia chumbani, maneno ya wakubwa yanakatika. Naambiwa ana kihoma tu, nikacheze. Nicheze nini, na mchezo wangu ndio uliomlaza?

Siku tatu sikula. Bibi akadhani nina minyoo, akaninywesha mafuta ya nyonyo, na yaliyofuata siyasemi. Alasiri ya siku ya nne nikachukua kifuu cha nazi, nikaenda kufukua. Maiti alikuwa ameoza, anatoka wadudu. Nikamkumbatia hivyo hivyo, nikamlaza kitandani kwa mama.

"Nimeshamtoa, mama. Inuka."

Mama aliutazama mgomba, akanitazama, akacheka mpaka kikohozi kikamkaba. Nikajua sasa nimemmaliza. Alipopata pumzi akaniuliza nani kaniambia ni mgomba uliomlaza. Nikamtazama Bibi, aliyesimama mlangoni na bakuli la uji.

"Mwanangu, mie natema damu tangu Ramadhani," mama akasema. "Wakati huo wewe hujazika hata mende."

"Utapona?"

Bibi akafungua mdomo. Mama akamwinulia mkono.

"Sidhani, mwanangu. Lakini si wewe."

Uji ulipoa mikononi mwa Bibi. Kesho yake alinipa kazi: kukaa karibu na dirisha, kumpepea mama na kumsimulia vituko vya mtaani. Vilipokwisha nikatunga. Ndiyo kazi niliyoishi nayo mpaka leo, kuchekesha watu kwa hadithi bandari hata bandari, na wengi hudhani nilizaliwa na masihara.

Mama alifariki kabla ya vuli. Wanawake walijaa ukumbini, na mie bingwa wa kulia chozi halikunitoka. Mmoja akanong'ona kwamba nilimchuria mama. Bibi akanivuta, akanikalisha mapajani mwake.

"Huyu hakumchuria mtu. Niliyekosea ni mie."

Hapo ndipo nilipolia, na safari hii sikujali nani anatazama.

Siwezi kuapa kwamba uchuro haupo. Wajukuu zangu wakianza kuzika wanasesere, moyo hunidunda, nawaambia wacheze harusi. Lakini mtu akiugua nyumbani, siwafukuzi wakacheze. Nawaita, nawakalisha, nawaambia anaumwa nini, na ameanza lini.