Mikono Miwili Kutoka Sakafuni

Mwashi huyu watu walimwita Twiga, na hakuwa na la kujitetea. Mafundi wenzake walisema yeye hahitaji ngazi mpaka ukuta ufike ghorofa ya pili. Miaka ishirini na tisa alijengea watu nyumba, na miaka yote hiyo yeye mwenyewe alikuwa mpangaji. Kinyozi hajinyoi, na waliosema hivyo walikuwa wakimsema yeye, mimi sina la kuongeza.

Vyumba viwili alivyopanga na mkewe vilijaa vitu hadi ukitaka kupiga chafya ni heri utoke nje. Kochi la watu saba, na wao walikuwa watatu pamoja na binti yao. Kabati la vioo limejaa sahani ambazo hakuna aliyeruhusiwa kulia chakula. Zulia lisilofulika. Kila kitu kilinunuliwa kwa sababu jirani kanunua, na kila kilichoingia ndani kilitaka mwenzake. Maisha yale yalikuwa na tumbo lisiloshiba. Ada ya shule ya binti ilipoanza kugombana na kodi ya nyumba, mke akasema ataenda nchi ya watu kufanya kazi za ndani, miaka miwili tu, halafu arudi. Thubutu! Miwili ikawa minne, minne ikawa sita. Binti alimaliza shule, akaolewa, akahamia mbali na mumewe. Mama mtu bado yuko huko.

Miaka sita hiyo mke alikuja nyumbani mara mbili, wiki mbili mbili, na mara zote mbili nyumba ilijaa wageni hata mume hakupata nafasi ya kumwuliza habari za moyoni. Akiondoka, Twiga anabaki na kochi la watu saba. Alimkosa mkewe, tusifichane. Alipofua nguo zake alizianika upande mmoja tu wa kamba, upande wa pili akauacha wazi, na alikuwa hajui kama anafanya hivyo mpaka dada yake mkubwa alipomwuliza anamwachia nani.

Dada huyo jina lake la mtaani ni Redio, maana akiwashwa asubuhi huzimika watu wakilala.

Jumapili mchana ndiyo ilikuwa siku ya simu. Mke alikuwa akimtunza bibi kizee kipofu, katika nyumba yenye vyumba kumi na viwili, na kila siku alipangusa vyumba kumi ambavyo hakuna anayekaa. Jumapili moja akasema, kwa sauti ya mtu aliyeketi chini, "Vitu vimenichosha, mume wangu. Nataka nyumba nitakayoifagia nikamaliza kabla maji ya chai hayajachemka." Twiga alichukua penseli yake ya kazi, akayaandika maneno hayo kwenye mfuko mtupu wa saruji, akaubandika ukutani. Kesho yake hakwenda kazini. Alikwenda kukitazama kiwanja alichoachiwa na marehemu baba yake, pembezoni mwa mji, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kikiotesha majani tu.

Akaanza kwa kuuza. Kochi likaenda, kabati likaenda na sahani zake. Redio akaja mbio kama anakwenda kuzima moto, akamwambia watu watasema amefilisika. Twiga akamjibu kwamba mdomo wa watu hausaidii kubeba mchanga, kama anataka kusema na abebe ndoo. Redio alibeba ndoo mbili, akaenda zake kuutangazia mtaa.

Udongo aliuchimba palepale kiwanjani. Akauchanganya na mchanga na saruji kidogo, akaushindilia kwenye kalibu, akayafunika matofali kwa majani yakauke polepole yasije yakapasuka. Kuta hakuzipiga plasta, alizipaka chokaa mara tatu, nyeupe ikapoa machoni. Madirisha aliyatazamanisha ili upepo ukiingia huku utokee kule. Kitanda alikichonga kwa mbao alizotumia kumwagia zege, akazipiga randa mpaka zikawa laini, na godoro akalijaza sufi. Maji ya mvua yalishuka kutoka bati hadi kwenye pipa, ya kuoshea vyombo yakaenda kwenye mboga na mchaichai. Vyumba vitatu, vitu vya kuhesabika. Alihamia kabla hata milango yote haijapata bawaba, na mwezi wa kwanza akashangaa: nyumba hii haikumwomba kitu. Kazi ya siku nne ilitosha kumlisha wiki nzima, na siku ya tano akawa na muda wa kukaa barazani na kumuwaza mkewe vizuri, bila haraka.

Na alikuwa na sababu ya kumuwaza. Mke alikwisha kumwambia kuwa safari hii anakuja mwezi mzima, lakini wakala aliyempeleka kule anataka jibu kabla ya mwezi kwisha: anaongeza miaka miwili mingine au haongezi. Twiga si msemaji. Akaona maneno hayawezi kushindana na karatasi ya wakala, ila nyumba inaweza. Mtu akiona kwamba maisha yanaweza kuwa madogo na yakatosha, atakwenda tena kutafuta nini?

Jiko alilijenga kwa amri ya mkewe mwenyewe, kwa simu. Sasa, mwanamke yule hakuwahi kuiamini futi ya mumewe. Kitambaa, dirisha, hata kamba ya kuanikia, alipima kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na walikuwa wakigombana kwa hilo tangu ujana wao. Akamwambia meza ya jikoni iwe mikono miwili kutoka sakafuni, rafu ya vyombo mikono minne, na asithubutu kupeleka futi yake hapo. Na Twiga, aliyekuwa mbishi miaka yote, siku hiyo akatii. Futi akaiacha mfukoni. Akapiga magoti, akaweka kiwiko sakafuni, akapima kwa mkono, akaijenga meza kwa matofali na kuinyoosha kwa pima maji. Miezi minane alipika hapo. Meza ilimkaa vizuri ajabu, mgongo hata haukumuuma, akawa anajisemea kuwa mke wangu ana akili, kumbe mimi ndiye niliyekuwa sijui.

Usicheke. Mtu mwenye hamu hapimi, anakubali tu.

Mke alifika asubuhi na sanduku moja. Alivua viatu mlangoni, akatembea pekupeku sakafuni, akapitisha kiganja kwenye chokaa, akakiangalia kiganja kikiwa cheupe. Aliomba ufagio. Wifi yake Redio akamwambia apumzike kwanza ametoka safari, hakusikia. Alimwambia mumewe abandike maji, akafagia chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu, akatoa taka nje, na akarudi maji yakiwa ndiyo kwanza yanaanza kuimba. Akacheka. Twiga hakuwa amesikia kicheko hicho bila simu kwa muda mrefu, akageukia dirisha na kujifanya anaangalia bawaba.

Kisha mke akaingia jikoni kutia majani ya chai, akasimama.

Meza ilimfika kifuani. Akaunyoosha mkono kwenye rafu apate vikombe, akasimama kwa ncha za vidole, mkono ukabaki unaelea hewani. Redio alicheka mpaka akakaa chini, akauliza kama kaka yake amemjengea mkewe au amejijengea mwenyewe. Mke hakucheka. Aliuchukua mkono wa mumewe, akaulaza wake juu yake, kiwiko kwa kiwiko. Vidole vyake viliishia katikati ya kiganja cha mumewe.

"Ulipima kwa mkono wako," akasema.

"Si uliniambia mkono?"

"Miaka sita." Sauti ilikuwa ndogo. "Umenisahau nilivyo."

Twiga alitaka kukana, akaacha. Maana ilikuwa kweli. Miezi minane alisimama pale akimwona mkewe katika akili yake amesimama papo hapo, anakatakata vitunguu, na hata siku moja hakuona kwamba yule aliyemwona anamfika begani. Mkewe hamfiki begani. Hamu ilikuwa ikimrefusha kila mwaka, na yeye hakugundua. Mke alivuta tofali lililobaki, akapanda juu yake, akatengeneza chai, wakanywa.

Mwezi ule ulikuwa mtamu, nisiwe mchoyo wa kusema. Wageni walipoona hakuna kochi walikaa kidogo na kuondoka mapema, ikawa faida. Mke alipanda nyanya nyuma ya pipa, akashona mapazia kwa shuka kuukuu, akawa anashika chombo kwa kupanda na kushuka tofalini kama kuku anayetafuta pa kutagia, na mumewe akimtania hivyo anamrushia ganda la kitunguu. Mchana walilala madirisha yakiwa wazi. Ila karatasi ya wakala ilikuwa ndani ya sanduku, na kila mmoja alijua mwenzake anajua.

Wiki ya tatu Twiga alijikaza akasema yote aliyoyapanga. Alimwonyesha mboga, pipa, na kuni kidogo zinazotosha siku nzima. Alimweleza kuwa hawahitaji tena mshahara wa ugenini, kwamba kazi yake ya siku nne inawatosha wote wawili na mgeni juu. Alisema mengi kuliko alivyosema mwaka mzima. Mke alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akasema Alhamisi ndiyo siku ya kumjibu wakala, ampe mpaka Alhamisi.

Alhamisi asubuhi, mke akiwa bado anaoga, Twiga alichukua nyundo na patasi akaingia jikoni. Alikuwa ameamua ataishusha meza siku hiyohiyo kabla jibu halijatoka. Ilikuwa ndiyo hoja yake ya mwisho, na alijua kabisa kuwa ni ya mwisho. Alikuwa amekwisha kubandua tofali la kwanza mke alipotokea mlangoni, kanga inadondosha maji.

"Iache," akasema.

"Nitaimaliza leo. Njoo nikupime, mkono wako safari hii."

"Iache, mume wangu. Ukiishusha, wewe utakuwa unapikaje?"

Twiga aliiweka nyundo chini polepole. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alikaa sakafuni, miguu yake mirefu ikafika mlangoni, na mke akaja akakaa pembeni yake.

Si pesa, mke akasema. Ingekuwa pesa angekuwa ameshachana karatasi siku ile aliyofagia. Ni yule bibi. Haoni, na sasa hata masikio yanamwacha, anawatambua watu kwa kuwashika mikono. Watoto wake wanakuja na wauguzi wa kila namna kumlisha, anameza kijiko kimoja viwili akafumba mdomo. Anakula akashiba mkononi mwa mtu mmoja tu, yeye. Siku ya kuondoka alimshika viganja akamwuliza kama atakuwepo siku yake ya mwisho, na yeye akasema ndiyo.

"Nilisema ndiyo," akarudia. "Nyumba hii nimeitamani kila siku nikipangusa zile. Naitamani hata sasa nikiwa ndani yake. Lakini nilisema ndiyo."

Ahadi ni deni, na Twiga alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Angekuwa anashindana na mshahara, angeshinda. Na kikongwe kipofu, mtu anashindana naye vipi? Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Halafu akaichukua nyundo tena.

"Nimekwambia uiache," mke akasema. "Miaka miwili, pengine zaidi. Hapa atakayepika ni wewe."

"Nitainama," akasema Twiga. "Leta mkono."

Mke akalala ubavu sakafuni, akaweka kiwiko chini, mkono wima ukutani. Twiga akapiga alama ya penseli kwenye ncha ya kidole chake. Akauinua mkono, akaweka kiwiko palepale kwenye alama, akapiga ya pili. Mikono miwili. Kwa rafu mke alisimama, Twiga akapima mikono yake miwili mingine. Walibomoa pamoja mpaka mchana, wakajenga pamoja mpaka jua likapungua, mke akimpa matofali na kumkosoa, na chokaa ilikuwa haijakauka siku sanduku lilipotoka mlangoni.

Tangu hapo Twiga hupika amekunjika. Redio anatangaza kuwa kaka yake anasalimiana na sufuria. Mgongo unamuuma kweli, jioni hujinyoosha barazani akishika kiuno. Lakini jambo linalomsumbua si mgongo. Ni kwamba kila akitaka kuomba mkewe arudi upesi, anakumbuka anamwombea nini yule bibi, na ombi analiacha njiani. Basi Jumapili, simu ikilia, kabla ya lolote jingine anauliza, "Bibi anaendeleaje?"

Wiki iliyopita mke alijibu kuwa anakula kidogo tu, uji unampalia.

"Mkalishe wima zaidi," Twiga akamwambia. "Umpe kijiko nusu nusu, usimharakishe. Atazoea."

Akauliza habari za huko, akaeleza za nyanya, wakaagana. Kisha akarudi jikoni, akainama.